SOMO LA 34: MIKROBI WASIOKUFA KWA DAWA

Juu ya ngozi ya kila mtu wakaa mikrobi wengi sana. Ni viumbe wadogo mno, macho hayawezi kuwaona. Mmoja wao huitwa stafilokoki. Stafilokoki 1000 wakipangwa mstari mmoja, hujaza milimita 1 tu. Katika watu 10, karibu watu 3 wanaye puani, wala hawaumwi.

Ngozi nzima ni kama ukuta wa nyumba. Kidonda ni mlango uliofunguka. Stafilokoki akiingia hapo, huleta majipu na usaha. Akifika katika damu, aweza kumwua mtu.

Mwaka 1928, huko London, mganga Alexander Fleming aliona kuvu inayoua stafilokoki. Katika kuvu ile ilipatikana dawa ya penisilini, na wagonjwa wengi wakapona. Lakini furaha haikudumu. Kabla ya mwaka 1950, hospitali nyingi zilikuwa na stafilokoki wanaoivunja penisilini kabla haijawaua. Mwaka 1959 ikapatikana metisilini, dawa wasiyoweza kuivunja. Miaka 2 tu ikapita, na mwaka 1961 huko Uingereza wakaonekana walioishinda hiyo pia. Hao wamebadili mahali dawa inaposhika, kama mtu anayebadili kufuli ili ufunguo wa zamani usifungue.

Je, mikrobi wana akili? Hapana. Katika wengi, pengine mmoja amezaliwa tofauti kidogo. Dawa inaua wenzake, naye anabaki peke yake shambani. Akipata joto na chakula, aweza kujigawa kila nusu saa: 1 wanakuwa 2, 2 wanakuwa 4. Mmoja wa saa 12 asubuhi, ikifika saa 10 jioni, amekuwa zaidi ya milioni 1. Wote wanashinda dawa kama yule wa kwanza. Basi, kila anayemeza dawa hizo bila lazima anawafyekea shamba.

Tena mikrobi hawa ni wavumilivu. Juu ya chuma cha kitanda, juu ya shuka au kitasa cha mlango, hakuna chakula wala maji. Hata hivyo stafilokoki hafi upesi. Hungoja, kama mbegu wakati wa kiangazi. Waliopima wameona kwamba aweza kukaa hai mahali pakavu siku 7, na mara nyingine hata miezi 7. Mgonjwa amekwisha kwenda kwao, lakini mikrobi wake wangali kitandani.

Hawana miguu wala mabawa. Hupanda mkono wa mtu. Mwuguzi anashika kitanda, kisha anafunga kidonda cha mtoto bila kunawa. Siku chache zinapita, kidonda kinavimba. Mtoto anapigwa sindano, wala haimsaidii, maana mikrobi hao wamekwisha kuishinda dawa ile.

Lakini aliyeshinda dawa hakushinda sabuni. Dawa hutafuta mahali pamoja tu katika mwili wa mikrobi. Mahali hapo pakibadilika, dawa imeshindwa. Sabuni na maji humwondoa mzima mzima. Alkoli humharibu mwili wote. Vitanda na meza husafishwa kwanza kwa sabuni, halafu hupakwa maji ya javeli, kwa sababu uchafu hupunguza nguvu za javeli.

Kunawa vizuri ni kazi ya dakika 1 hivi: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, na chini ya kucha. Kisha mikono hukaushwa kwa kitambaa safi. Dakika hiyo moja yaweza kuokoa mtoto ambaye sindano haikuweza kumwokoa.

MAULIZO
1. Stafilokoki hupita wapi aingie mwilini?
2. Kwa nini mikrobi mmoja hubaki wenzake wakifa?
3. Mikrobi 1 akijigawa kila nusu saa, baada ya saa 3 wanakuwa wangapi?
4. Kwa nini sabuni yamwondoa mikrobi ambaye dawa haimwui?
5. Nani anawafyekea mikrobi shamba?