Kabla Hujalipia Akiki Nyekundu: Pima Jiwe Kwanza, PIN Baadaye

Umeona pete kwenye statasi ya WhatsApp. Jiwe jekundu linang'aa, pembeni fedha safi, bei Sh2,500. Unauliza kama ni akiki ya kweli. Jibu linakuja mbio: "Original kabisa dada, ya Yemen. Zimebaki mbili tu, tuma nikuwekee." Kidole tayari kiko kwenye simu.

Subiri kidogo. Jiwe hupimwa kwa dakika tano. Pesa ikishatoka, kuirudisha kunaweza kuchukua siku nyingi, na wakati mwingine hairudi. Leo tujifunze kuitambua akiki nyekundu, halafu tuone jinsi ya kuilipia bila majuto.

Akiki ni nini hasa?

Akiki ni jiwe gumu la jamii ya kwatsi. Nyingine ina mistari au tabaka ndani, nyingine ni nyekundu au ya rangi ya chungwa kote. Sisi huziita zote akiki. Si mgeni kwetu: wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata shanga za akiki katika miji ya kale ya pwani, kama Shanga kwenye kisiwa cha Pate. Nyingi za aina hiyo zilivuka bahari kutoka Khambhat, huko Gujarat, India. Mafundi wa huko walijua tangu zamani kuwa jiwe likipashwa moto polepole, wekundu wake hukolea.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Akiki iliyopashwa moto au kutiwa rangi bado ni jiwe la kweli, na zinazouzwa hivyo ni nyingi sana. Kosa ni kuuziwa ya kutiwa rangi kwa bei ya rangi ya asili. Kwa hivyo maswali ni mawili: je, hili ni jiwe? Na je, rangi ni yake? Muuzaji mwaminifu atakujibu yote mawili bila kukasirika.

Vipimo vya dukani

Baridi. Weka jiwe shavuni. Plastiki hupata joto haraka na huwa nyepesi mkononi, lakini akiki hukaa baridi kwa muda. Kumbuka kuwa kioo pia kina baridi, kwa hivyo kipimo hiki kinaondoa plastiki peke yake.

Tochi ya simu. Mulika jiwe kwa nyuma. Ukiona viputo vidogo vya mviringo ndani, hicho ni kioo. Akiki huonyesha mawingu, tabaka au mistari isiyo sawasawa.

Mfanano. Kwenye mkufu, linganisha shanga moja moja. Kama zote zina mstari uleule, mahali palepale, zimetengenezwa kwa kalibu. Mawe ya asili ni kama ndugu: yanafanana, lakini hakuna mawili yaliyo sawa kabisa.

Tundu na nyufa. Angalia pale uzi unapopita. Rangi ikiwa imejikusanya kwenye tundu au kwenye nyufa, jiwe limetiwa rangi. Ukiruhusiwa, pitisha pamba yenye dawa ya kutoa rangi ya kucha mahali pasipoonekana. Pamba ikitoka nyekundu, umepata jibu. Isipotoka, usishangilie bado, maana kuna rangi zinazoingizwa kwa kemikali na moto ambazo hazitoki kamwe.

Usidanganywe na maonyesho. Wengine hukwaruza kioo kwa jiwe na kusema, "Umeona?" Ni kweli akiki ina ugumu wa 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs na inaweza kukwaruza kioo, lakini mawe mengi mengine pia yanaweza. Na usikubali jiwe lichomwe kwa kiberiti, kwa sababu hata akiki ya kweli hupasuka kwa moto.

Pete yenyewe. Mhuri wa 925 unamaanisha fedha ya asilimia 92.5, lakini mhuri nao hugongwa na wakora. Jaribu sumaku: ikishika, hiyo si fedha. Isiposhika, huenda ikawa fedha au shaba, kwa hivyo pete ya bei kubwa mpelekee sonara aiangalie.

Na ile "ya Yemen"? Akiki ya Yemen ina sifa kubwa na ndiyo maana jina lake hupandisha bei. Lakini kwa macho tu, wewe wala sisi hatuwezi kujua jiwe limetoka mgodi gani. Usilipie jina la nchi bila karatasi ya kulithibitisha.

Ukinunua mtandaoni

Omba video fupi, jiwe likiwa mkononi mwa muuzaji, mwangaza wa jua, tochi ikiwa nyuma. Picha tu haitoshi, kwa kuwa picha huibwa. Uliza kwa maandishi: "Ni jiwe la asili? Limetiwa rangi? Nikiona si hilo, narudishiwa pesa?" Kisha omba kulipa ukishapokea mzigo. Akikataa kila kitu na kukuharakisha kwamba kuna mteja mwingine anangoja, mwache huyo mteja achukue.

Sasa PIN

Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Duka likikupa nambari ya till, jina liwe la duka hilo. Ukiambiwa, "till ina shida, tuma kwa hii ya shemeji," simama hapo hapo.

Usitume "deposit ya kushikilia" kwa mtu usiyemjua. Usimpe yeyote PIN yako, hata akijiita mhudumu wetu. Na ukishalipa, hifadhi ujumbe wa malipo pamoja na mazungumzo yenu. Huo ndio ushahidi wako.

Kama tayari umechomwa

Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, kabla pesa haijatolewa upande wa pili. Lakini tuseme ukweli: kurudisha muamala kuliwekwa hasa kwa ajili ya aliyekosea nambari. Sisi tunaona pesa ikipita, jiwe hatulioni. Hatuwezi kuamua kama uliuziwa kioo.

Anayeweza kuamua yupo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa maelezo unayohitaji kuzihusu. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Anza kwa kumwandikia muuzaji ukidai pesa zako. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na unaweza kujisimamia bila wakili. Kama ni utapeli wa wazi, piga ripoti polisi na ubebe ule ujumbe wa malipo.

Pete ya zawadi kwa mama si kitu kidogo. Ni pesa uliyoweka kidogo kidogo, na ni furaha yake siku atakapoivaa. Kwa hivyo shika jiwe, mulika, uliza, soma jina. Ukiridhika, bonyeza PIN. Usiporidhika, pesa yako bado iko kwenye simu yako, na akiki hazijaisha duniani.