Kutia Redio Mpya katika Gari bila Kuliharibu

Wenzangu wanafunzi, nanyi ndugu zetu mliokwisha toka shuleni,

Wengi kati yenu mliotutangulia sasa mna magari, na mengi katika hayo yalitumika kwanza Japani kabla ya kufika kwetu. Dereva wa gari la namna hiyo akipanda Kiriri huku akitafuta stesheni, atasikia Isanganiro katika 89.7, kisha mbele kidogo kimya. Redio si mbovu. Zamani masafa ya FM katika Japani yalikuwa kutoka megahezi 76 mpaka 90, na tangu mwaka 2014 yametumika mpaka 95. Sisi huku twatumia 87.5 mpaka 108. Redio ile ya kale, basi, hupata mwanzo tu wa stesheni zetu. Wako wanaouza kikasha kidogo cha kufunga katika waya wa erieli ili kushusha masafa, lakini namba zinazoonekana hazipatani tena na za stesheni, na mara nyingine stesheni mbili huingiliana. Mimi naona ni afadhali kutia redio nyingine.

Baba yangu mdogo ana teksi, Toyota Corolla. Mwaka jana fundi mmoja wa mjini alimtilia redio mpya kwa muda mfupi sana, na kwa mbele ilipendeza. Lakini ilikuwa ndogo kuliko tundu lake, na fundi alijaza nafasi kwa katoni iliyokunjwa. Tulipopanda mlima redio ilitoka nje polepole kama ulimi, na tuliposhuka kuelekea ziwani ilirudi ndani. Abiria walicheka. Jambo la pili halikuchekesha: kila Jumatatu asubuhi gari lilikataa kuwaka. Baba mdogo alinunua betri mpya kwa fedha alizoweka kwa karo ya mdogo wangu, na baada ya majuma machache hata ile mpya ikaanza kuchoka.

“Mwanangu,” akaniambia, “wewe wasoma umeme darasani. Hebu nitafutie mwizi huyu.”

Kabla ya kumtafuta nilitoa waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Hili ni la kwanza sikuzote, kwa maana waya mmoja ukigusa chuma, fyuzi hukatika, au jambo baya zaidi hutokea. Kisha fremu ya plastiki inayozunguka redio. Haina skrubu inayoonekana. Imeshikwa na vibanio kwa nyuma. Usiichokoe kwa bisibisi, itabaki na makovu daima. Mimi nilitumia mwiko mwembamba wa mbao uliofungwa kitambaa, nikaivuta pande zote kidogo kidogo. Iliponyanyuka nilichomoa plagi ya swichi ya taa za hatari kabla ya kuivuta mpaka mwisho.

Ndani nilikuta aibu. Plagi za Toyota zilikuwa zimekatwa na kutupwa, na waya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe ambao gundi yake ilikuwa imeyeyuka kwa joto la Bujumbura. Waya mbili za redio, ya njano na nyekundu, zilikuwa zimefungwa pamoja.

Hapa naomba msomaji asikilize vizuri. Waya wa njano hutaka umeme wa betri wakati wote, ili redio ikumbuke saa na stesheni. Waya mwekundu hutaka umeme ule tu unaokuja dereva anapozungusha ufunguo. Ndio unaoiambia redio iamke au ilale. Ukiunganisha zote mbili na umeme wa daima, redio hailali kamwe. Baba mdogo alibonyeza kitufe, sauti ikanyamaza, naye akaridhika; lakini taa ya saa iliendelea kuwaka. Nilipima nikaona inakula karibu ampea 0.3. Ni kidogo, lakini yeye hafanyi kazi Jumapili. Kutoka Jumamosi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 36. Zidisha: ni karibu 11, katika betri ambayo ikiwa mpya kabisa ina 45. Robo ya betri inaondoka bila mtu kusikia hata wimbo mmoja. Betri haikuwa na kosa lolote.

Katika Toyota nyingi za miaka ile, waya wa daima ni wa buluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, na wa ardhi ni wa kahawia. Hata hivyo usiamini rangi peke yake, pima kwa kipima umeme, ufunguo ukiwa umefungwa, kisha ukiwa umefunguliwa. Waya za spika za redio mpya huenda mbili mbili: nyeupe na kijivu ni za mbele, kushoto na kulia, kijani na zambarau za nyuma, na ule wenye mstari mweusi ndio hasi. Hasi ya spika isigusishwe na chuma cha gari, la sivyo redio huungua.

Nilinunua Buyenzi, penye magereji mengi, jozi ya plagi za Toyota zilizotolewa katika gari bovu. Nililehemu kila waya na kuuvika mpira wake. Asiyekatiwa plagi ana bahati: anunue tu plagi ya kati, upande mmoja wa Toyota, upande wa pili wa redio mpya, wala asikate kitu.

Sasa lile tundu. Redio ya Toyota ina upana wa milimita 200, na redio kubwa ya kawaida 180. Zote zina kimo cha 100. Inabaki milimita 10 kila upande, wala si kazi ya katoni. Nilikata vipande viwili vya plastiki nyeusi nene, nikavisugua kwa tupa, kisha msasa, mpaka vikaingia kwa kusukumwa kidogo. Lakini hivyo ni vya macho tu. Kinachoshika redio ni vile vyuma viwili vya pembeni vya redio ya zamani, ambavyo fundi yule hakuvifunga. Kwa bahati baba mdogo alikuwa hajatupa redio yake. Nilivihamisha kwa skrubu zake zenyewe, kwa kuwa skrubu ndefu zaidi yaweza kutoboa redio kwa ndani, kisha nikakaza boliti nne. Mwisho nikajaribu kila kitu kabla ya kurudisha fremu.

Jumatatu iliyofuata gari liliwaka mara moja, nasi tukapanda Kiriri, redio haikutikisika. Mimi na wenzangu wawili twakusanya sasa vyuma vya pembeni na plagi za Toyota zilizokufa. Ndugu zetu mlio na gari bovu uani, msivitupe. Vileteni shuleni Jumamosi alasiri, mkiandika juu yake aina ya gari na mwaka wake.