Jifunze Kiingereza kwa Mbio za Magari: Kutoka Kedong Hadi Ofisini

Kila Safari Rally inapofika Naivasha, Kiingereza kingi humwagika pamoja na vumbi. Kimeandikwa kwenye mabango ya usalama, kinatangazwa kwenye vipaza sauti, na wageni wanaotafuta malazi, chakula au usafiri wanakizungumza. Mashindano haya yalianza mwaka wa 1953. Baada ya 2002 yaliondoka kwenye kalenda ya mbio za dunia, kisha yakarejea mwaka wa 2021 na makao yake yakawa Naivasha.

Maneno ya mbio hayabaki kwenye mbio. Utayakuta pia katika barua za ofisi, matangazo ya zabuni na mazungumzo ya biashara, na mara nyingi maana huwa imebadilika. Anayejua maana moja tu anaweza kusimama mahali pa hatari, au kukubali jambo asilolielewa. Somo hili litakupa maana zote mbili. Chukua kalamu.

1. Anza na maneno uliyo nayo

Fundi wa gereji na dereva wa matatu wana msamiati wa Kiingereza kuliko wanavyodhani. Breki ni "brake", gia ni "gear", klachi ni "clutch", tairi ni "tyre", bampa ni "bumper", pancha ni "puncture", na spea ni "spare". Neno unalo tayari. Kilichobaki ni kujifunza tahajia na kulitumia katika sentensi.

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, "brake" na "break" hutamkwa sawa. "Brake" ni breki ya gari, ilhali "break" ni kuvunja, au mapumziko mafupi ya kazi. Ukiandika katika ripoti kwamba "the break failed", msomaji atajiuliza ni mapumziko gani yaliyoharibika.

Pili, jeki. Sisi husema wakulima wamepigwa jeki, yaani wamesaidiwa. Kiingereza cha "jack up prices" ni kupandisha bei, tena aghalabu kupita kiasi. Ukitaka kumwambia mgeni kuwa utampiga jeki, sema "I will support you".

2. Maneno ya kuokoa maisha

Haya yajue kabla ya kwenda kutazama mbio, na uwafundishe watoto.

"Spectators" ni watazamaji. "Spectator area" ni mahali ulipotengewa kusimama. "No spectators" maana yake hakuna mtazamaji anayeruhusiwa hapo, hata kama mahali penyewe pana kivuli kizuri.

"Keep clear" haimaanishi weka safi. Maana yake ni usizuie njia, kaa kando. Bango la "Keep clear, emergency access" linaonyesha njia ya ambulensi. Usiegeshe bodaboda hapo.

"Marshal" ni mwangalizi wa njia. Akikuambia "Stay back", rudi nyuma. Akisema "Stay behind the tape", kaa nyuma ya utepe.

"Road closed" ni barabara imefungwa. Kabla ya washindani, hupita magari ya usalama ambayo la mwisho lina namba 0. Baada ya mshindani wa mwisho hupita gari liitwalo "sweeper". Mjini, "sweeper" ni mfagiaji. Katika mbio, ni gari la kuhakikisha njia imebaki tupu. Kabla halijapita, usivuke barabara, hata kukiwa kimya kabisa.

3. Mwelekezi husema nini?

Dereva wa mbio hakumbuki kila kona. Mwelekezi, yaani "co-driver", humsomea maelezo yanayoitwa "pace notes". Kabla ya mashindano, wawili hao hupita njia ile polepole ili kuandika maelezo hayo. Ukaguzi huo huitwa "recce", na neno hilo hutumika hata unapokwenda kuangalia ukumbi kabla ya harusi.

Katika mfumo unaotumiwa na madereva wengi, kona hupewa namba 1 hadi 6. Namba 1 ni kona kali sana, na 6 ni kona ya kupita kwa kasi. "Left four tightens over crest" ni kona ya kushoto ya namba 4, inayozidi kukaza baada ya kilele cha mwinuko. "Caution" ni tahadhari. "Don't cut" ni usikate kona, kwa kuwa ndani yake huenda kuna jiwe la kupasua tairi.

4. Misemo ya kila siku

"Cut corners". Dereva anaweza kukata kona ili aokoe sekunde. Katika lugha ya kila siku ni kulipua kazi: kupunguza ubora ili kuokoa muda au pesa. "The contractor cut corners" ni mwanakandarasi alilipua kazi, pengine alipunguza saruji. Huu ni msemo wa kuujua unapofuatilia ujenzi wa darasa au zahanati ya wadi yako.

"Flat out". Dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Kwa mtu, ni kufanya kazi kwa nguvu zote. "We are working flat out" ni tunafanya kazi kwa jino na ukucha.

"Spin your wheels". Gari limenasa matopeni, magurudumu yanazunguka lakini haliendi. Kwa mtu, ni kujitahidi bila kupiga hatua, au kama tusemavyo, kutwanga maji kwenye kinu.

"Put the brakes on". Ni kusimamisha au kupunguza kasi ya jambo. Barua ikisema "The board has put the brakes on the project", mradi umesitishwa. Haijasema umefutwa. Uliza utarejea lini.

"Back on track". Ni kurejea kwenye mkondo ufaao baada ya kukwama. "My business is back on track" ni biashara yangu imesimama tena.

"Pit stop" na "pole position". Hii imetoka katika mbio za viwanjani kama Formula 1. "Pit stop" ni gari kusimama kidogo kubadilishiwa tairi. Safarini, ni kituo kifupi cha kula au kujinyoosha. Mwenye hoteli kando ya barabara akisikia "We need a pit stop", atandike meza. "Pole position" ni nafasi ya mbele kabisa mbio zinapoanza. Ukiambiwa "You are in pole position for the job", una nafasi nzuri kuliko wengine, lakini hujaipata kazi bado.

5. Maneno yenye sura mbili

"Stage". Katika mbio ni mkondo mmoja wa mashindano, kama Kedong au Soysambu. Kwetu ni kituo cha matatu. Ukimwambia mgeni "Meet me at the stage" wiki ya mbio, huenda akaelekea Kedong. Sema "bus stop".

"Retire". Ofisini ni kustaafu. Katika mbio ni gari kushindwa kuendelea. Mwaka wa 2021 Thierry Neuville aliingia siku ya mwisho ya Safari Rally akiongoza, gari likaharibika, ikatangazwa "Neuville retires". Hakustaafu. Mwaka wa 2024 alitwaa taji la dunia.

"Shakedown". Katika mbio ni kulijaribu gari kabla ya mashindano. Katika lugha ya kawaida ni kumtoza mtu pesa kwa vitisho. Usiliandike katika barua bila kufikiri.

6. Zoezi

Jaza pengo kwa msemo ufaao.

a) The wall cracked because the builder ......
b) Five meetings and no decision. We are ......
c) The clinic was closed for a month, but now it is ......
d) The committee has ...... the plan until the money comes.
e) Bango linasema "No spectators". Je, unaweza kusimama hapo dakika tano tu?

Majibu: a) cut corners, b) spinning our wheels, c) back on track, d) put the brakes on, e) Hapana, hata dakika moja.

Chagua misemo mitatu wiki hii. Itamke kwa sauti, iandikie sentensi kuhusu kazi yako mwenyewe, kisha mwombe mwanao au jirani akusikilize. Ukipata barua ya Kiingereza yenye msemo usioujua, usitie sahihi kabla ya kuuliza maana yake.