PENGO SI NAFASI



Katika somo la mara hii tutazame maneno tunayoyatumia palipo na uwazi, au mahali jambo linapokatika. Ni mengi, na kila moja lina kazi yake.

Pengo ni uwazi ulioachwa na kitu kilichokuwapo kikaondoka. Jino likING'oka huacha pengo. Mwanya nao u katikati ya meno, lakini mwenye mwanya hakupoteza kitu. Ni maumbile yake, na wengi huuhesabu kuwa uzuri. Ufa ni wa ukuta, nao hutuonya tuuzibe mapema.

Kituo chatokana na kutua, yaani kushusha mzigo. Basi lina vituo njiani, na mstari wa mwisho wa ubeti wa shairi huitwa kituo. Aliyetua hupumzika, kisha hujitwika tena. Kikomo si hivyo. Hapo safari imekwisha.

Nafasi tumeipata katika Kiarabu, nayo ni jamaa ya neno la huko lenye maana ya pumzi. Kwetu ni mahali au wakati unaomngoja mtu: nafasi ya kukaa, nafasi ya kazi, nafasi ya kusema.

Tofauti hizi si za darasani tu. Siku chache baada ya maziko ya mzee mmoja, tulimsikia msemaji akitangaza, mbele ya mjane, kwamba nafasi ya marehemu i wazi. Hakukusudia ubaya, alifikiria kazi ya utunzaji wa hazina. Lakini mama yule aliinamisha kichwa. Nasi, tuliofundisha Kiswahili miaka mingi, tulinyamaza, na kimya kile chatusumbua hata leo. Ingalitosha kusema: "Marehemu ametuachia pengo. Kazi ya hazina yahitaji mtu wa kuishika."

Kazi yake ilikuwa nafasi, na nafasi hupata mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliacha pengo, na pengo, hata likitiwa jino la bandia, ulimi hulijua.

Zoezi: Tungeni sentensi moja kwa kila neno: pengo, mwanya, ufa, kituo, nafasi. Kisha msomeeni mtu wa nyumbani, mkamwulize kama amesikia tofauti.