ANGKOR: MAWE YAMEBAKI, WENYEWE WAMEKWENDA



Ndugu wanafunzi, katika Suratur-Rum, aya ya 9, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawakumbusha wanaokanusha watazame mwisho wa waliowatangulia, watu waliowazidi kwa nguvu na kwa ujenzi. Leo twende Angkor, nchini Kambodia.

Historia yake

Dola ya Wakhmer huhesabiwa kuanzia mwaka 802, zama za Khalifa Harun Rashid wa Baghdad. Katika karne ya 12 Mfalme Suryavarman wa Pili alijenga hekalu la Angkor Wat kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Wahindu. Baadaye likawa la Mabudha. Jayavarman wa Saba, aliyeanza kutawala 1181, alijenga Bayon, hekalu lenye nyuso kubwa za mawe. Wakhmer walikuwa pia mafundi wa maji: bwawa lao la West Baray lina urefu wa kilomita 8 hivi.

Lakini mawe yalikuwa ya mahekalu. Watu, hata wafalme, waliishi katika nyumba za mbao, nazo zimeoza. Katika karne ya 14 na ya 15 ukame mrefu na mvua kubwa viliharibu mifereji yao. Mwaka 1431 jeshi la Ayutthaya likauteka mji.

Kuta za Bayon zina michoro ya vita baina ya Wakhmer na Wacham. Wacham wa Kambodia leo wengi wao ni Waislamu. Kati ya 1975 na 1979 utawala wa Khmer Rouge uliwakataza ibada na kuwaua wengi, lakini Uislamu wao haukufutika.

Adabu za mgeni

1. Nia iwe kujifunza. Asishiriki ibada ya masanamu.
2. Asiyatukane wanayoyaabudu wenyeji. Suratul-An'am, aya ya 108, inakataza.
3. Avae stara. Wasimamizi wa Angkor nao hutaka mabega na magoti yafunikwe.
4. Asichore jina lake ukutani.

Mazingatio

Mfalme aliyesimamisha milima ya mawe, nyumba aliyolala haionekani. Je, sisi tutaacha nini? Mtume (S.A.W.) ametufundisha yasiyokatika baada ya mauti: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake.

Maswali

1. Kwa nini nyumba za wafalme wa Angkor hazikubaki?
2. Wacham ni nani?
3. Wewe na wazazi wako mnaweza kuanza sadaka gani yenye kuendelea?

Wabillahi tawfiq.