Kuvu Katika Chumba cha Kuogea

Mtu akaaye Moa, pwani ya kaskazini ya Tanga, ajua ya kuwa masika yakiingia vitu hulowa nyumbani bila kunyeshewa. Viatu vya ngozi hufanya kuvu, nguo za sandukuni hunuka uvundo, na chumvi ya kibakulini hugeuka maji maji. Ikumbukeni chumvi hiyo, maana tutairudia.

Mahali kuvu ipendapo zaidi ni chumba cha kuogea. Huanza kwa madoa meusi madogo kama vichwa vya sindano, kisha huenea ukuta mzima. Watu husema ni uchafu tu. Sivyo. Kuvu ni kitu chenye uhai, nayo huzaa mbegu ndogo mno zisizoonekana kwa macho, zichukuliwazo na hewa. Mbegu hizo zimo hata katika nyumba safi, lakini hazioti mpaka zipate unyevu. Mwenye pumu akizivuta, kifua humbana, akakohoa usiku kucha.

Basi unyevu watoka wapi? Maji ya kuoga yasiyo na njia ya kutoka ni sababu moja, na hewa iliyofungwa ni nyingine. Wengi huziba dirisha kwa gunia, wasionekane na wapita njia. Kusitirika ni haki yao, lakini afadhali dirisha liwekwe juu kuliko kichwa cha mtu, na tundu jingine upande wa pili, ili upepo upite.

Iko sababu iliyofichika zaidi. Fundi akichanganya saruji kwa mchanga wa ufukoni au maji ya bahari, ametia chumvi ukutani. Na chumvi, kama tulivyoona kibakulini, huvuta maji yaliyomo hewani. Ukuta huo hutoka jasho kila masika, hata asipooga mtu; ukiupaka rangi, itabanduka. Yafaa mchanga wa mtoni na maji matamu.

Wazee wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ni kali, kuvu haioti upesi juu yake. Tena huacha unyevu wa ukutani utoke, ambapo saruji huufungia ndani. Wao walichoma matumbawe kupata chokaa. Sisi tusiyavunje yale ya baharini, kwa kuwa ni makao ya samaki. Chokaa hupatikana dukani.

Kuvu iliyokwisha kuota usiifagie ikiwa kavu, usije ukazitawanya mbegu zake. Jifunge kitambaa puani, uisugue kwa maji na sabuni, kisha uache mlango na dirisha wazi mpaka ukuta ukauke kabisa. Ndipo upake chokaa iliyozimwa, nyepesi, mara mbili au tatu, ukingoja kila mara ikauke. Kazi hii ya kupaka waachieni watu wazima, kwa maana chokaa ikiruka machoni yaweza kupofusha. Ikimwingia mtu, aoshwe papo hapo kwa maji mengi safi, kisha apelekwe hospitali.