Vijidudu Vilavyo Gesi, na Usafi wa Maji Yetu

Katika mabonde ya Rungwe, mahali penye maji yaliyosimama, ukichoma fimbo katika matope utaona mapovu yakipanda. Mapovu hayo yana gesi iitwayo methani, ambayo hutokea majani yaozapo mahali pasipo oksijeni. Msomaji asiichanganye na gesi itokayo ardhini karibu na mlima Kyejo. Hiyo ni kabonidayoksaidi ya volkano. Methani huwaka moto; kabonidayoksaidi huuzima.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Uholanzi, Söhngen, alieleza juu ya bakteria ambao chakula chao ni methani. Bakteria hao hukaa pale methani ikutanapo na oksijeni. Mfano mkubwa ni Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Kongo, lenye kina cha meta 485 na methani ipatayo kilometa za ujazo 60. Gesi ipandayo kutoka chini huliwa nao, hata ikatoka hewani kidogo tu.

Je, jambo hili lahusu nini maji ya kunywa? Viwanda na karakana nyingi duniani zimetumia trikloroethilini, kiowevu chenye klorini, kuondoa grisi katika vyuma. Kikimwagwa chini, hupenya udongo, na kwa kuwa ni kizito kuliko maji huzama hata chini ya maji ya ardhini. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani walithibitisha kwamba huleta saratani. Marekani hairuhusu zaidi ya mikrogramu 5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Basi gramu 1 tu yatosha kufikisha lita 200,000 kwenye kikomo hicho.

Mwaka 1985 Wilson na Wilson, huko Marekani, walipitisha hewa yenye gesi asilia kidogo katika udongo, nayo trikloroethilini ikavunjwa ikawa kabonidayoksaidi. Sababu yake ni hii. Bakteria huanza kula methani kwa kimeng'enya kinachoitia oksijeni. Kimeng'enya hicho hakichagui sana, mfano wa ufunguo wa sanduku lako bwenini unaofungua na sanduku la jirani. Hufungua trikloroethilini pia, lakini bakteria hapati chakula humo, na mabaki yake ya kwanza humdhuru.

Kwa hiyo kazi hii ina masharti. Lazima methani na oksijeni zipatikane pamoja. Tena methani ikizidi, kimeng'enya hushughulika nayo na kuiacha sumu. Na kiowevu cha kufulia nguo kavu, chenye klorini nne, hawakiwezi kabisa.

Sisi wa Tukuyu twakaa juu ya miamba ya volkano. Mvua ni nyingi, nayo hupenya na kutokea tena chini katika chemchemi ambamo mama na dada zetu huteka maji. Limwagwalo juu ya kilima laweza kunywewa bondeni. Kusafisha maji ya ardhini ni kazi ya miaka mingi na fedha nyingi. Hivyo basi, kila fundi na aviweke viowevu vya kuondolea grisi katika chombo chenye kifuniko, wala asivimwage mtaroni, na sisi wanafunzi tuwaeleze wazee wetu sababu yake.